Mafunzo ya ugani yatufuate wanawake

Nalima viazi mviringo Njombe. Mnunuzi akija shambani na gunia la lumbesa, lile lenye kilemba juu, mwanamke aliye peke yake hukubali tu: viazi vimeshachimbwa, na ada ya shule inadaiwa. Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuambiwa hivyo? Mafunzo huitishwa asubuhi tukiwa tunapalilia, na anayealikwa ni “mkuu wa kaya”. Sasa katika kikundi chetu tunapigiana simu kuulizana bei ya soko la Makambako kabla ya kuchimba, na tumenunua mzani. (Mnunuzi mmoja aliususia, aliyefuata akapima.) Maafisa ugani, njooni Jumapili baada ya ibada. Tutakuwepo.