Seva Iliyokwama na Adabu ya Kuisimamisha

Katika masomo wapewayo vijana wetu wanaoanza kuunda tovuti, aghalabu hutangulizwa lile la kuiwasha seva, na lile la kuisimamisha huachwa mwanafunzi alivumbue mwenyewe siku atakapofikwa na dhiki. Nami nashika rai kwamba mpango huo umepinduliwa, na kwamba hasara yake humwelemea zaidi kijana wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, ambaye mjuzi yu jirani naye.

Seva ninayoitaja ni programu aiendeshayo mwanafunzi ndani ya kompyuta yake mwenyewe, kwa anwani ya 127.0.0.1, apate kuiona tovuti anayoijenga kabla hajaiweka hadharani. Haihitaji mnara wala bando. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani, kazi ya namna hii haikuwa na sababu ya kusimama. Kwa akaaye katikati ya mikoko, ambaye safari yake ya kumfuata fundi huanza kwa chombo hadi Nyamisati na kuendelea kwa barabara hadi Kibiti mjini, hii ni karakana kamili. Mto huuhuu wa Rufiji waendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lakini uhaba wa kijana huyu si wa umeme peke yake, bali ni wa mtu wa kumuuliza.

Kukwama kwenyewe huja hivi. Kila seva hushika mlango wenye namba, kama 3000 au 8000, na kwa kawaida programu mbili haziushiki mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi, akitaka kuisimamisha, badala ya kubonyeza Ctrl pamoja na C, hubonyeza Ctrl pamoja na Z. Kioo humrudishia nafasi ya kuandika amri, naye akadhani kazi imekwisha. Kumbe programu imelazwa tu, mfano wa dau lililoteremsha tanga likabaki limefungwa gatini, halisafiri wala haliwapishi wenziwe. Aiwashapo tena, huambiwa kwamba anwani ile inatumika.

Hapo ndipo fadhaa huingia, na katika fadhaa mtu huzima kompyuta kwa kukandamiza kitufe cha umeme, au huandika amri aliyoipokea kwa mwenziwe bila sharhe, yaani kill -9. Mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, ndio asili ya amri hizi. Na kill huipelekea programu ishara yenye namba; isipopewa namba hutuma 15, wala haitumi 9. Tofauti yake ni kubwa. Ishara ya 15 huiomba programu ijimalize, ifunge mafaili yake na kuachilia ilivyovishika. Ya 9 haifikishwi kwa programu kabisa, bali mfumo huiondoa papo hapo, na lililokuwa likiandikwa huweza kubaki nusu, na programu ndogo zilizozaliwa nayo huweza kubaki zikiendelea, pengine zikiushika mlango uleule.

Na hapa pana jambo ambalo laiti kila mwalimu angelieleza: programu iliyolazwa kwa Ctrl na Z haiitikii ishara ya 15 mpaka iamshwe. Wengi wameituma, wakaona kimya, wakahukumu kwamba upole hauna nguvu, na tangu siku hiyo hawajui ila 9. Lau wangeandika fg, programu ingerudi mbele yao, na Ctrl pamoja na C ingewatosha. Dirisha lake likiwa limekwisha kupotea, lsof -i :3000 humwonyesha mwenye kuushika mlango na namba yake, nayo kill hupewa namba hiyo. Kwenye Windows, netstat -ano hufanya uchunguzi huo, na taskkill yenye /F ndiyo nguvu ya mwisho.

Sikatai kwamba 9 ina wakati wake; iko programu iliyokwisha kuwa kiziwi, isiyosikia ombi lolote, na hiyo haina dawa nyingine. Ninalolikataa ni kuifanya ya kwanza. Wala sikubali udhuru kwamba vipindi ni vichache, kwa kuwa mambo haya hayazidi sehemu ya kipindi kimoja. Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo lake la 2023, imetilia mkazo ujuzi wa vitendo; basi walimu wa kompyuta wa Kibiti na Rufiji, pamoja na wafadhili wanaoleta mashine shuleni, na waziandike amri hizi kwa Kiswahili kwa mpangilio wake, fg, Ctrl na C, lsof, kill, na 9 chini kabisa, wazibandike ukutani kando ya mashine kabla mwanafunzi hajaiwasha seva yake ya kwanza.