MASHABIKI, MASHAIRI SIYO CHETI CHA KUZALIWA!

Ngoma mpya ikitoka siku hizi, kazi ya kwanza siyo kucheza. Kazi ya kwanza ni upelelezi. Nenda stendi ya Kibiti uone. Abiria wa Lindi wanasubiri gari, spika ya kibanda cha kuchaji simu inalia, na vijana wa bodaboda wameshagawana mistari. Huyu anasema msanii kataja mikoko, basi ni mtu wa delta, wa Mbwera kabisa. Yule anabisha, kataja daraja, huyo wa Ikwiriri. Wa tatu kakaa kimya, anarudisha wimbo nyuma mara ya sita, anatafuta jina la mtoto.

Mpaka hapo ni raha tupu, hakuna aliyeumia. Watu wa Rufiji na Kibiti nao wana haki ya kujivunia staa wao.

Balaa linaanza mistari ikigeuzwa ushahidi. Msanii kaimba kuhusu dawa, tayari ana ugonjwa. Kaimba kuhusu baba aliyemkimbia, tayari watu wanamtafuta huyo baba. Kaimba mapenzi ya siri, tayari kashapangiwa mpenzi, na mpenzi mwenyewe kapewa jina, kabila na dini. Wimbo wa dakika tatu unatoa cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na cheti cha hospitali!

Wadau, turudi nyuma kidogo. Mafumbo hayajaanza na Bongo Fleva. Pwani hii mtu ameongea kwa fumbo tangu enzi, kwenye khanga, kwenye ngoma za wali na kwenye taarab. Miaka ya 1990 pale Dar, TOT na Muungano walipokuwa wanapigana vijembe, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, ukumbi ulikuwa unajaa kwa sababu ya mafumbo hayohayo.

Lakini angalia fumbo la taarab linavyofanya kazi. Mwimbaji anaimba, mama mmoja anasikia mstari unaomgusa, anainuka na noti yake mkononi, anaenda kutunza huku anamtupia jicho mtu wake wa meza ya pili. Ukumbi mzima umeelewa. Ugomvi ni wa nani? Wa yule mama. Mwimbaji hahusiki, huenda hata hamjui. Na maneno yenyewe mara nyingi siyo yake, yametungwa na malenga mwingine, wakati mwingine mwanaume kamtungia mwanamke aimbe "mume wangu". Sasa hapo utampekua nani?

Yaani wazee walichukua fumbo wakaenda nalo kwenye maisha yao. Mashabiki wa leo wanalichukua wanaliingiza chumbani kwa mwimbaji. Hapo ndo tumepotea njia.

Na ukweli mwingine: msanii akitaka jina lijulikane, analitaja. Siti binti Saad aliimba "Kijiti", kisa cha kweli cha mauaji Zanzibar, na jina la muuaji akalifanya ndo jina la wimbo. Hakumung'unya. Siti huyohuyo alisemwa sana kwa asili yake, kwamba ni mtoto wa watumwa katoka Fumba hana kitu. Wenzake walimkejeli kwa nyimbo, naye akajibu kwa wimbo. Akaenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, na waliomcheka wakabaki wanamsikiliza. Aliyekuwa na la kusema kuhusu maisha yake alilisema mwenyewe, kwa wakati wake. Basi na msanii wa leo akiamua kufunika, kafunika. Heshima ya mfuniko ni kutoufunua.

Halafu kuna kukosea. Machi 2017 Nay wa Mitego alitoa "Wapo". Polisi wakamkamata, BASATA wakaufungia wimbo. Siku chache tu, waziri mwenye dhamana ya habari akatangaza kwamba Rais Magufuli kaupenda, aachiwe na wimbo upigwe. Mistari ileile, mmoja kasikia kosa, mwingine kasikia sifa. Kama wakubwa wenye ofisi wanaweza kupishana hivyo, kijana mwenye bando la jero ana uhakika gani kwamba "yule mwanamke wa mstari wa nne" ni fulani wa Nyamisati?

Watu wa Kibiti ndo wa mwisho kuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwezi uliofuata, Aprili 2017, askari 8 waliuawa Mkengeni kwa siku moja, na kabla na baada yake viongozi wa vijiji waliuawa mmoja mmoja. Wakati ule jina la mtu likitajwa vibaya barazani, hakuna aliyelala. Kila aliyeishi pale anajua kwamba tetesi haihitaji kuwa kweli ili iumize. Inahitaji jina tu.

Kuna watakaosema wasanii wenyewe wanapenda kiki. Kweli wapo. Anatupa kidokezo Jumatatu, Ijumaa anatoa wimbo, katikati anakula mjadala. Huyo kachezea moto kwa hiari yake, na pesa kapata. Lakini mama yake hajatoa wimbo. Chukulia bibi mmoja huko visiwani delta, anasubiri mtumbwi na ndoo yake ya dagaa, anafuatwa na vijana wenye simu: "Bibi shikamoo, eti baba yake yule staa ni nani?" Miaka thelathini kalibeba peke yake, kalea, kasomesha, leo anaulizwa gatini mbele za watu. Kiki ya nani hiyo? Hela ya wimbo haimfikii, aibu ndo imemfikia.

Na anayeandika mtandaoni asijidanganye kwamba ni utani tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na inamhusu anayesambaza uongo kuhusu mtu, awe na wafuasi milioni au kumi na mbili.

Hakuna anayesema watu waache kuchambua mistari. Chambueni! Bishaneni nani katunga, fumbo limefungwaje, mdundo umetoka singeli au mchiriku. Mstari ukikugusa, lia nao, mtumie aliyekuudhi, weka hata kwenye stetasi. Huo ni mgao wako wewe msikilizaji, hakuna wa kukunyang'anya.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hawakusema akishaligangua achukue spika ya stendi.