Koti la Kuazima

Wapo wasomi wetu wanaozicheka picha za studio za zamani. Wanasema ni uongo mtupu: ziwa limechorwa kwenye pazia, maua ni ya plastiki, koti ni la kuazima, na redio iliyo mapajani ni ya mwenye studio. Mimi nakataa.

Mtindo huo haukuzaliwa Mwanza. Mwaka 1854, huko Paris, André Disdéri alisajili uvumbuzi wa kupiga picha ndogo kadhaa kwenye bamba moja la kioo. Picha moja ya sura iliyokuwa ikigharimu faranga 50 na zaidi ikawa kitu cha bei ndogo. Yeye aliuza 12 kwa faranga 20. Wenye maduka na makarani wakamiminika. Nyumbani kwao hapakuwa na nguzo za marumaru wala mapazia mazito. Walivikuta studio, wakasimama kando yake kama mabwana. Picha hizo leo zimo katika majumba ya makumbusho, wala sijasikia zikiitwa uongo. Basi kwa nini mvuvi wa Ukerewe, aliyevuka maji kuja mjini kupiga picha na redio isiyo yake, aonekane kituko?

Vitabu vya historia ya kanda yetu hupenda picha za enzi ya Wajerumani. Zile za Walther Dobbertin zimetunzwa vizuri hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani. Lakini nyingi za wakati ule zimeandikwa kabila tu, jina hakuna. Mpigaji ndiye aliyeamua mtu asimame wapi na avae nini. Studio, mteja alilipa. Alichagua pozi lake, na akikuta amefumba macho aligomba mpaka arudiwe. Nani hapo alikuwa bwana wa sura yake?

Nimeona mjini Mwanza masanduku ya filamu yakitupwa studio moja ilipofungwa. Mwenyewe alisema hamna mtu mashuhuri humo. (Kana kwamba mashuhuri ndio waliokuwa wateja wake!) Pale makumbusho ya Bujora zimehifadhiwa ngoma za watemi, na ni vyema. Sioni kwa nini kisipatikane chumba cha sura za raia wao.

Kwa sasa, ndugu msomaji, chukua kalamu ya risasi uandike majina nyuma ya picha za wazazi wako, maadamu nyumbani bado yupo wa kukutajia.