Mvua ya Paka na Mbwa Haijanyesha Manzese

Mtu apitaye barabara ya Morogoro kutoka Magomeni kwenda Ubungo, akashuka Manzese, hatakwenda hatua nyingi kabla hajaona tangazo la kufundisha Kiingereza. Limebandikwa juu ya nguzo ya umeme, au limeandikwa kwa rangi ukutani, baina ya meza ya mitumba na kibanda cha wakala wa fedha za simu. Laahidi kwamba mwanafunzi atasema kama Mwingereza katika muda mfupi, na kwamba hatachoshwa na sarufi, bali atapewa mazungumzo ya kila siku na nahau watumiazo wenyewe.

Sina ugomvi na mwenye tangazo. Yeye auza kitu kitafutwacho. Ugomvi wangu ni na fikira iliyo nyuma ya biashara yake, ambayo imekwisha kuingia katika vichwa vya watu wenye vyeo na elimu kubwa: kwamba nahau za lugha ngeni hupatikana kwa mazungumzo, kwa hiyo inatupasa tuigize mazungumzo, na Kiswahili kikae nje ya mlango. Nusu ya kwanza ya fikira hiyo ni kweli. Nusu ya pili ni upuuzi, tena upuuzi ambao watoto wa watu wanaulipia.

Kwanza niitoe haki ya nusu iliyo kweli. Hakuna mtoto wa Manzese aliyefundishwa na mwalimu kwamba mpiga debe wa kituo cha daladala hapigi debe lolote. Hakuna aliyeandikiwa ubaoni tofauti ya kukata tiketi, kukata shauri, kukata tamaa na kukata rufaa. Akisikia kwamba jirani aliyeshindwa katika kesi ya kiwanja amekata rufaa, hatafuti kisu. Amejuaje? Amejua kwa sababu neno lilimfikia pamoja na jambo lenyewe: alikuwapo jirani aliporudi mahakamani uso umemshuka, akasikia wazee wakimshauri, akaona safari ya pili ikifungwa. Nahau hujifunzwa hivyo popote duniani. Waongozaji wa wageni katika Mji Mkongwe wa Unguja na wapagazi wa Kilimanjaro wamepata Kiingereza, Kijerumani na hata Kitaliano kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa mgeni yu mbele yao na mkate wao uko mfukoni mwake. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam aendaye Guangzhou kununua shehena hujua upesi maana ya “sold out”, maana asipojua atarudi mikono mitupu.

Lakini Manzese, msomaji wangu, kijana atazungumza Kiingereza na nani? Kondakta ni Mswahili, mama lishe ni Mswahili, fundi cherehani, mwenyekiti wa mtaa, sheikh na padre, wote husema naye Kiswahili, na akithubutu kuwajibu kwa lugha nyingine watamwona mjuvi. Basi darasa la mazungumzo hulazimika kuzua haja isiyokuwapo. Vijana wawili huwekwa kiti kwa kiti, mmoja awe mgeni wa hoteli na wa pili mwenye hoteli. Au wawe marafiki waliokutana katika uwanja wa ndege wa London, na mmoja amwambie mwenzake kwamba kunanyesha paka na mbwa. Darasa lote hucheka, kisha huandika.

Nahau hii ya paka na mbwa ni kielelezo kizuri cha ninachokilalamikia. Waingereza wenyewe hawapatani juu ya asili yake. Jonathan Swift aliiweka mwaka 1738 katika kitabu cha mazungumzo alichokitunga kwa kuwadhihaki watu wa heshima wa zama zake, ambao walijaza vinywa vyao misemo iliyochakaa na kudhani kwamba wamesema maneno ya maana. Msemo ambao mwenye lugha aliutia katika kapu la dhihaka karibu karne tatu zilizopita, sisi twauzwa kuwa pambo jipya. Na masika yanapojaza Mto Ng’ombe, na watu wa Manzese na Tandale wakiteka maji ndani ya vyumba vyao kwa ndoo, hakuna anayetaja paka.

Kama msemo huo ungekuwa upotevu wa wakati tu, nisingeshika kalamu. Watu hupoteza wakati kwa mambo mengi na dunia haianguki. Ila kijana huyu ana mahali pamoja anapokutana na Kiingereza kwa lazima, wala si hotelini. Ni darasani. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama wasomavyo watoto wengi wa shule za serikali. Ameingia sekondari, na karibu kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, limegeuka Kiingereza kwa siku moja. Huko hakutani na paka. Hukutana na vitenzi vidogo vilivyofungiwa vineno vidogo. Baiolojia humwambia kwamba mimea “give off” oksijeni, na kwamba chakula tumboni “is broken down”. Hisabati humwamuru “work out”. Kemia humwambia “carry out” jaribio na “find out” kilichotokea. Historia humwuliza ni mambo gani yali“bring about” vita.

Mtazame na “give off”. Neno “give” analijua: ni kumpa mtu kitu. Neno “off” analijua tangu utotoni, maana limeandikwa kwenye redio ya nyumbani: ni kuzima. Basi mmea unampa nani, na unazima nini? Kwamba mimea hutoa oksijeni alikwisha kujifunza katika shule ya msingi, na angeulizwa kwa Kiswahili angejibu bila kusita. Anakosa alama kwa elimu aliyo nayo kichwani, kisha twasema mtoto huyu hana akili ya sayansi.

Wala ugumu huu si uvivu wake. Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alisema katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo viwapavyo wageni taabu kubwa kupita yote. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850, akajivunia kwamba vitenzi vyake ni 18 tu. Alivipunguza kwa kuvitwika vineno: palipokuwa na kitenzi kimoja kilicho wazi, aliweka “give up” au “put off”. Orodha ikawa fupi hata kuenea katika ukurasa mmoja, na taabu yote ikahamia katika miungano ambayo orodha haikuihesabu.

Sasa hapa ndipo Kiswahili kilichofukuzwa mlangoni kingefaa kuitwa. Kijana yule, pasipo kujua jina la sarufi, ni bingwa wa kugeuza kitenzi kwa kukitia mkia. Anajua funga, fungua, fungia, fungana, fungisha. Anajua ziba na zibua, kunja na kunjua. Mwalimu akimwambia kwamba Mwingereza hufanya kwa kineno kinachofuata kazi nyingi ambazo sisi twazifanya kwa mkia wa kitenzi, ameshamwonyesha njia. Tena amwonyeshe kwamba “give up” ni kukata tamaa, na kwamba katika “kukata tamaa” hakuna kisu kama vile katika “give up” hakuna cha kupanda juu. Kijana atatambua kwamba lugha ngeni si wazimu; ina vitendawili vyake kama yetu. Maelezo hayo ni ya dakika kumi, na hayawezekani katika chumba ambamo kusema Kiswahili ni kosa.

Nami nimeviona vibao hivyo viamuruvyo Kiingereza peke yake. Matunda yake si mazungumzo, ni ukimya. Mtoto aliyekatazwa lugha aijuayo na kuamriwa asiyoijua hufanya jambo la busara: hufunga kinywa.

Najua nitaambiwa kwamba mwalimu wa Kiswahili hana budi kuvutia upande wake. Haya, tuwatazame wasio wa upande wangu. Tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, shauri halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona kwamba wengi hawakijui kiasi cha kuwawezesha kusoma masomo mengine. Wao walitaka Kiingereza kibaki na kitiwe nguvu. Kimebaki. Hiyo nguvu ndiyo bado twaisubiri, na tunapoisubiri twawapa watoto paka na mbwa.

Ombi langu ni dogo kuliko la Makweta. Kila kitabu cha kiada cha kidato cha kwanza kiwe na kurasa mbili mwishoni, za vitenzi hivi vya mtego vilivyomo katika kitabu hicho hicho, na maana zake kwa Kiswahili fasaha: “give off”, toa, “carry out”, tekeleza, “work out”, kokotoa, “leave out”, acha. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Mwalimu wa baiolojia na mwalimu wa Kiswahili wakikaa pamoja alasiri chache, chai ikiwapo, watakuwa wamekwisha kukimaliza kitabu kimoja.