Ruta ya Nyumbani Nayo ni Kifaa cha Tiba

Siku hizi swali la mionzi ninaloulizwa mara nyingi zaidi kliniki halihusu mashine iliyo mbele ya mgonjwa. Linahusu kijisanduku chenye taa ndogo za kijani alichokiacha sebuleni kwake. Mama mjamzito aliyekuja kwa kipimo cha ultrasaundi huuliza kama aizime ruta usiku. Mzee aliyewekewa betri ya moyo huuliza kama ni salama kukaa nayo chumba kimoja. Mzazi ambaye mwanawe ametoka kupigwa picha ya CT-Skani, na ambaye hakuuliza neno lolote kuhusu mashine hiyo, hunisimamisha mlangoni: "Daktari, hii Wi-Fi ya jirani haitamletea mtoto saratani?"

Sikubaliani na wenzangu wanaoyacheka maswali haya. Mgonjwa anayeuliza kuhusu mionzi ni mgonjwa anayefikiri, na laiti angeuliza hivyo hivyo kabla ya kila CT-Skani, kazi yetu ingekuwa bora. Ila hofu yake imeelekezwa pasipo. Ruta yaweza kweli kumdhuru mgonjwa, lakini si kwa mawimbi yake. Humdhuru inaponyamaza usiku wa manane wakati daktari anasubiri picha, na humdhuru inapoachwa wazi kama nyumba isiyo na komeo. Hayo mawili ndiyo yanayonifanya niandike.

Nianze na mawimbi, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Ruta nyingi za nyumbani hutumia mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Eksirei nayo ni wimbi la jamaa hiyo hiyo, lakini chembe moja ya eksirei hubeba nguvu mara bilioni kadhaa ya chembe moja ya wimbi la ruta. Ndiyo maana eksirei yaweza kung'oa elektroni kutoka katika atomu na kuharibu vinasaba vya seli, na ndiyo maana sisi huhesabu kipimo chake na kuvaa aproni za risasi. Wimbi la ruta halina uwezo huo. Linaloweza kufanya ni kupasha joto, na hata hilo ni kidogo mno: ruta hurusha takriban sehemu moja ya kumi ya wati, ilhali jiko la maikrowevu, linalotumia masafa yanayokaribiana sana nayo, hutumia wati 700 hadi 1,000 ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Tena mawimbi hufifia haraka. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia hushuka hadi robo.

Wengi hunikumbusha kwamba mwaka 2011 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, yaani vitu "vinavyoweza" kusababisha saratani. Ni kweli. Uamuzi huo uliegemea zaidi taarifa za watu waliotumia sana simu za mkononi zikiwa zimebanwa sikioni, na ushahidi wenyewe ulielezwa kuwa hafifu. Katika kundi hilo hilo la 2B imo dondoo ya jani zima la mshubiri, ambao baadhi ya wanaoiogopa ruta huunywa kila asubuhi kusafisha tumbo. Kwa hiyo mama mjamzito asiizime ruta kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Akitaka kulala vizuri, azime simu. Mwenye betri ya moyo aiweke ruta umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka kifuani, na sijapata kumwona mtu anayelala akiwa ameikumbatia.

Sasa tuje kwenye madhara yenyewe.

Madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache katika nchi zetu, na wengi wao wanaishi mijini. Kwa sababu hiyo picha husafiri badala ya wagonjwa: hospitali ya mkoa hupiga picha, nayo husomwa na bingwa aliye mbali, mara nyingi akiwa nyumbani kwake usiku. Eksirei ya kifua ina megabaiti 10 hadi 30 hivi. CT-Skani ya kijana wa bodaboda aliyeangukia kichwa yaweza kufika mamia ya megabaiti. Ikiwa damu inakusanyika chini ya fuvu lake, mpasuaji anasubiri jibu akiwa amesimama. Ikiwa mgonjwa ni mama aliyepatwa na kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haiwezi kutolewa kabla picha haijaonesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Sehemu kubwa ya saa hizo huwa imekwisha kuliwa na foleni ya barabarani. Hakuna haki ya kuipoteza iliyobaki katika korido ya nyumba ya daktari.

Na katika korido ndiko inakopotelea. Nimezikagua nyumba kadhaa za wenzangu, kwa kuwa wamezoea kuniita fundi wa bure, na kisa hujirudia. Mkongo wa mtandao umefika hadi ukutani ukiwa na kasi nzuri kabisa. Fundi akaifunga ruta pale pale waya ulipoingilia, nyuma ya televisheni, chini ya dirisha lenye nondo, pembeni mwa jokofu. Daktari anasomea chumba cha mwisho, kuta tatu za tofali za saruji kutoka hapo. Chuma huyarudisha mawimbi, maji na saruji huyameza, na kioo kikubwa cha kujitazamia, chenye utando wa madini nyuma yake, hufanya kazi ya bati. Katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe huko Mji Mkongwe, zenye kuta za unene wa nusu mita, ukuta mmoja tu watosha kuyazima.

Ruta ihamie katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Haigharimu zaidi ya waya mrefu kidogo. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini huenda polepole na hugongana na ruta za majirani. Masafa ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini huchoka upesi. Vipima sukari, mizani na mashine za shinikizo la damu zinazounganishwa na mtandao aghalabu huelewa 2.4 pekee, hivyo nunua ruta yenye masafa yote mawili. Kwa daktari anayesoma picha nina ushauri wa kizamani zaidi: atumie waya. Waya wa mtandao hufika mita 100 bila kupoteza kasi, haujali ukuta wala jokofu la jirani, na bei yake ni ndogo kuliko mlo wa familia hotelini. Nashangaa jinsi unavyodharauliwa na watu wanaoweza kujadili sumaku za MRI kwa saa nzima.

Dukani Kariakoo utaambiwa uhesabu antena. Usizihesabu. Utaoneshwa namba kubwa kwenye boksi, 1200 au 3000. Hiyo ni jumla ya kasi ya masafa yote kwa pamoja, na hakuna simu hata moja itakayoifikia. Uliza mambo mengine: je, ina ulinzi wa WPA3, uliotolewa mwaka 2018, au angalau WPA2? Je, mtengenezaji bado anatoa masasisho ya programu yake? Je, ina tundu la waya lenye kasi ya gigabiti 1? Je, ina mahali pa kuweka laini ya simu, ili mkongo ukikatika ihamie huko yenyewe? Na unaponunua kifurushi, uliza kasi ya kupakia pamoja na ile ya kupakua, kwani matangazo huitaja ya pili peke yake. Mgonjwa anayeongea na daktari kwa video hutegemea zote mbili. Miadi ya namna hiyo ikifika, akae chumba chenye ruta na watoto waombwe kuiacha katuni kwa dakika ishirini.

Umeme nao. Kompyuta mpakato ya daktari ina betri, simu yake ina betri, lakini ruta hufa papo hapo umeme ukatikapo, na pamoja nayo hufa picha iliyokuwa imefika nusu. Betri ndogo za ruta zinauzwa. Soma kwanza maandishi ya adapta yako, kwa maana ruta nyingi hutumia volti 12 lakini ziko za 9 na za 5, na kuzichanganya ni kuiunguza. Kuna siku hata betri haisaidii: tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulizorota katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Siku kama hiyo hospitali yapaswa kuwa na namba ya simu ya kawaida ya bingwa, na mtu wa kumsomea kipimo kwa mdomo.

Dhara la pili halina kelele. Ruta hutoka kiwandani na neno la siri la msimamizi linalofahamika na kila mtu, aghalabu "admin". Fundi huliacha hivyo, kisha neno la Wi-Fi analifanya namba ya simu ya mwenye nyumba, ambayo mtaa mzima unaijua. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka vifaa vya majumbani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Novemba mwaka huo, nchini Ujerumani, shambulio la toleo lake jingine liliwaathiri wateja takriban 900,000 wa kampuni moja.

Sitaki kutia chumvi. Programu nyingi za ujumbe husimba maandishi yake, na jirani aliye kwenye Wi-Fi yako hawezi kusoma majibu ya kipimo uliyotumiwa. Lakini anayeingia hadi kwenye chumba cha usimamizi cha ruta aweza kuona orodha ya vifaa vya nyumba, katika ruta nyingi aweza pia kuona tovuti zinazotembelewa, na aweza kukuelekeza kwenye ukurasa bandia unaofanana na ule wa hospitali. Kwa anayeishi na ugonjwa ambao hajamwambia hata mkwewe, orodha hiyo pekee yatosha kumvunjia siri. Kwa mhudumu wa afya, hilo ni suala la kisheria vilevile: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, nayo Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019.

Badilisha neno la siri la msimamizi siku ile ile fundi anapoondoka. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba nane. Udhaifu wa namba hizo umejulikana tangu mwaka 2011. Kisha liko suala la jirani. Kwetu kumnyima jirani Wi-Fi ni karibu sawa na kumnyima chumvi, na wanangu wangeniona bahili. Ruta karibu zote za kisasa zina mtandao wa wageni: jina jingine, neno la siri jingine, na ukuta kati yake na vifaa vyako. Wape majirani huo, na televisheni yako uihamishie huko huko. Heshima itabaki, na picha za wagonjwa zitabaki upande wake.

Nimesema daktari afanye hivi na vile, lakini lawama yangu si kwake hasa. Ipo hospitali, sitaitaja, iliyonunua mashine ya CT kwa fedha nyingi, ikakata utepe, kisha ikamwachia daktari wa zamu ajinunulie bando la kuisomea. Huo si utaratibu wa tiba. Hospitali inayotegemea sebule ya mtumishi wake ichukue dhamana ya kile inachokitegemea: impe ruta, waya na betri, imfungulie njia iliyosimbwa ya kuingilia kwenye mfumo wa picha, ile iitwayo VPN, na impelekee fundi wake mara moja kwa mwaka. Nimejibiwa na watawala kwamba ruta ya nyumbani ni mali binafsi. Aproni ya risasi pia huvaliwa mwilini mwangu, wala hakuna aliyewahi kuniagiza nikainunue dukani. Gharama ya vifaa hivyo vyote kwa mabingwa watano ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kipuri kimoja cha mashine ile.

Waganga wafawidhi waweza kuanza na karatasi moja: nani anasoma picha akiwa nyumbani, kwa mtandao upi, laini yake ya akiba ni ipi, na ruta yake hudumu dakika ngapi umeme unapokatika.