Mwezi Ulipopatwa, Skuli Ilisema Nini?



Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, baada ya Isha, mwezi ulipatwa wote ukawa mwekundu. Ulifunikwa kabisa saa mbili na nusu usiku, ukakaa hivyo dakika 82. Asubuhi yake watoto wakaenda skuli na maswali yao. Wazazi wenzangu, je, walirudi nayo?

Mwalimu aliyelipisha jambo lile kwa kuwa ratiba ya wiki ilitaka mizizi ya mimea, amekosa somo ambalo kitabu hakitamfidia. Habari ya elimu ni kama mkate wa mofa, huliwa ungali moto. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume, naye yu katika msiba, hakungoja. Aliwafundisha papo hapo kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kuzaliwa kwake.

Na somo lenyewe ni pana. Uchukue wekundu ule. Dunia ilikaa baina ya jua na mwezi, kivuli chake kikaufunika mwezi. Lakini hewa inayotuzunguka ilipindisha mwanga kidogo wa jua, ikatawanya rangi ya samawati na kupitisha nyekundu. Ndio wekundu wa shafaki, ambao mtoto wa madrasa ameshausoma katika nyakati za swala. Kisha aulizwe mbona mwezi haupatwi siku ya mwandamo. Aliyefunga ayyamul-bidh pamoja na mamake hatashindwa kujibu.

Wenye jamaa Muscat wana faida zaidi. Mwezi ulipofunikwa kabisa, saa za huko zilikuwa tatu na nusu. Mtoto atasema kwetu ulitangulia. Sivyo! Kivuli kilikuwa juu ya mwezi wenyewe, na kila aliyeuona aliuona wakati ule ule mmoja. Kinachotofautiana ni saa za miji, kwa kuwa Muscat iko mashariki yetu. Mwaka 997 Al-Biruni, akiwa Kath katika nchi ya Khwarazm, aliafikiana na Abul-Wafa aliyekuwa Baghdad, kila mmoja akapima wakati wa kupatwa kwa mwezi mmoja. Kwa tofauti ya saa zao wakapata tofauti ya longitudo ya miji hiyo. Simu moja kwa shangazi aliyeko Muscat, na darasa la sita laweza kuifahamu hesabu hiyo.

Tarehe 2 Agosti 2027, inshaallah, jua litapatwa lote likionekana Makka. Kina mama, waambieni watoto wahesabu kalenda ya Kiislamu, wawaeleze itaangukia siku ya ngapi ya mwezi, na kwa nini.