Kira si mwamuzi, wala Tenma si mjinga

Ndugu vijana,

Kila mnapozungumzia katuni za Kijapani zinazotia hofu rohoni, mnataja Death Note na Monster pamoja kana kwamba ni mapacha. Wazee kadhaa huzitupa zote mbili katika shimo moja wakisema ni mambo ya shetani. Ninyi mnazisifu zote mbili kwa kipimo kimoja. Wazee hawakuzitazama. Ninyi mmezitazama, na kwa hiyo lawama yenu ni kubwa zaidi.

Ni kweli zinafanana. Zote zilitengenezwa na studio Madhouse: Monster mwaka 2004 hadi 2005, vipindi 74, Death Note mwaka 2006 hadi 2007, vipindi 37. Katika kila moja yumo kijana mzuri wa sura, mwenye akili kali, ambaye watu hufa kwa ajili yake, na mara nyingi mikono yake hubaki safi. Zote zinauliza nani mwenye haki ya kusema huyu aishi, yule afe.

Lakini tazameni namna zinavyouliza. Katika Death Note tunakaa ndani ya kichwa cha Light Yagami. Anaandika jina daftarini, sekunde 40 zinapita, moyo wa mtu unasimama. Aliyekufa hatumjui, alikuwa mstari wa wino tu. Hofu yetu si kwamba mtu atakufa, bali kwamba Light atakamatwa! Mtaniambia kwamba Kira aliua wahalifu tu. Je, wale wapelelezi 12 wa Marekani waliotumwa kumchunguza walikuwa wamemwibia nani? Mtaniambia pia kwamba mwishoni anaadhibiwa. Naam, katika kipindi cha 37. Kwa vipindi 36 mtazamaji amefundishwa kuupenda ujanja wake, na fundisho la muda mrefu namna hiyo halifutwi na dakika chache za kilio.

Monster inakwenda njia nyingine, tena polepole, hata wenye haraka huichoka. Kitabu cha Naoki Urasawa ambacho ndicho asili yake kinafunguliwa kwa maneno ya Ufunuo sura ya 13, juu ya mnyama atokaye baharini. Mwaka 1986, mjini Düsseldorf, daktari Kenzo Tenma anakataa kumwacha mtoto aliyepigwa risasi kichwani ili amhudumie meya. Mtoto anapona, anaitwa Johan, baada ya miaka tisa Tenma anatambua kwamba amemponya muuaji. Tangu hapo Johan haonekani kwa muda mrefu, na nafasi yake wanapewa watu wa kawaida: askari mzee, mwanafunzi, mtoto Dieter anayepigwa na mlezi wake. Tunawajua kwa nyuso na kwa meza wanazolia chakula, na kifo kinapowafikia kinatuuma. Tunapelekwa pia Kinderheim 511, nyumba ya yatima ya Ujerumani Mashariki, ambako watoto walifundishwa kutokuwa watu. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipo, kwa kuwa hakuna mungu wa mauti wala daftari la ajabu la kusingizia. Watu wazima walifanya hayo kwa mpango na kwa ratiba.

Wengine mnamwita Tenma mjinga kwa sababu anashika bunduki safari nzima na kidole chake kinakataa. Nawaomba radhi ambao hawajafika mwisho, maana siwezi kutetea hoja yangu bila kuugusa. Johan anapigwa tena risasi kichwani, na mfyatuaji si Tenma. Daktari anamlaza tena mezani, mtu yule yule, akijua sasa kila alilotenda, naye anamfanyia upasuaji kwa mara ya pili. Kira angeandika jina moja na kwenda kulala. Tenma ananawa mikono, anavaa kinyago, anaanza kazi.